Vipimo Visafi, Moyo Bado Mbio

SWALI: Shikamoo, Mshauri. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Tangu mwaka jana moyo hunienda mbio, mikono hufa ganzi na pumzi hunibana, hasa nikiwa ndani ya daladala, hata siku hizi naenda sokoni kwa miguu. Usiku nalala na simu kifuani nikihofia kupigiwa habari ya msiba. Nimepimwa moyo mara mbili, nikaambiwa ni mzima. Mume wangu anasema najiendekeza. Je, ninaumwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo yako unaumwa, na wala hujiendekezi. Vipimo vimeonyesha kwamba moyo wako ni mzima. Havikuonyesha kwamba huna maradhi. Gari likikujia kwa kasi, mwili humwaga adrenalini, moyo ukapiga haraka ili damu ifike miguuni ukimbie. Kwako wewe mwili unafanya hivyo pasipo gari lolote, na ile ganzi mara nyingi huletwa na kuhema harakaharaka. Wasiwasi unaomwandama mtu siku nyingi kwa miezi 6 au zaidi, ukamnyima usingizi na kumkaza misuli, wataalamu huuhesabu kuwa ugonjwa. Hata hivyo, omba upimwe pia tezi ya shingo na wingi wa damu, kwa kuwa hitilafu zake hufanana na hali yako.

Tiba ya mazungumzo ninayokushauri huchukua kwa kawaida vikao 12 hadi 20, na si kikao cha kupewa pole. Kila unapoikwepa daladala unapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha mwili kwamba daladala ni hatari. Mtaalamu anaweza kukupangia upande kituo kimoja tu, ukae kitini mpaka hofu ishuke yenyewe, na itashuka, kwa sababu mshtuko wa namna hiyo hufika kileleni ndani ya dakika chache. Baadaye vituo viwili, kisha safari nzima. Simu nayo mtaitoa kifuani, muiweke mezani, halafu chumba cha pili.

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, uulizie huduma ya afya ya akili, wala jina hilo lisikutishe. Dua usiache. Vidonge vya usingizi usijinunulie dukani, maana vipo vinavyozoesha mwili. Daktari akiona dawa inahitajika, atakuandikia inayokufaa. Ukijiwa na fikra za kujidhuru, nenda siku hiyohiyo. Na mumeo mwombe akusindikize kikao cha kwanza, amsikie mtaalamu kwa masikio yake.