Kongamano Huanza Ukiwa Bado Chake

Nina mikoba minne ya makongamano. Mitatu nimeitundika nyuma ya mlango. Ule wa kwanza aliuchukua mama, siku hizi anatilia taitai, zile kamba fupi za kufungia mwani, akienda pwani. Kila nikiuona begani mwake nacheka peke yangu, maana mkoba ule, kalamu moja, na picha ya pamoja ambayo uso wangu umezibwa na bwana mmoja mrefu, ndivyo vitu pekee nilivyorudi navyo. Siku tatu Dar es Salaam, boti mbili za kwenda na mbili za kurudi, na sikupata hata namba moja ya simu ya mtu wa kunifaa.

Kazi yangu ni ugani wa mazao ya baharini hapa Pemba, zaidi mwani. Haya ninayoyaandika nimeyajua kwa kukosea, na nawaandikia hasa nyinyi wenzangu wa visiwani ambao mwaliko ukifika, swali la kwanza ni nani analipa nauli. (Hata mimi ndilo langu la kwanza. Tusidanganyane.)

Mara ile ilikuwa mwezi wa saba, kusi imeshika. Niliondoka Mkoani siku moja tu kabla ya ufunguzi, nikateremka Unguja nimetapika mpaka nyongo, nikajilaza kidogo kwa shangazi Kikwajuni, na asubuhi nikapanda boti ya Dar. Zile saa mbili wengine wanazilala. Mimi nilikuwa nimekumbatia mfuko. Kufika ukumbini, ufunguzi umekwisha, watu wameshagawanyika vyumba vinne, na ratiba ndiyo kwanza naitia machoni. Nikaingia chumba kilichokuwa karibu na mlango. Mada ilikuwa bima ya mifugo. Nikakaa mpaka mwisho kwa kuona haya kutoka.

Wakati wa chai nikawaona Wapemba wenzangu wawili, nikawaganda kama kupe. Tukala pamoja, tukakaa pamoja, tukasengenya chapati za watu pamoja. Siku ya tatu tukachomoka saa sita mchana kuwahi boti. Baadaye nikaambiwa kwamba jioni ile ndipo wafadhili walipokaa na washiriki waliobaki, wakawauliza mmoja mmoja anafanya nini kwao.

Anayelima mwani haendi pwani siku yoyote ile. Hungoja bamvua, maji yatoke mbali, na zile siku za maji mafu anakata taitai na kutengeneza kamba zake nyumbani. Ukianza kukata taitai siku ya bamvua, maji yatakurudia hujafunga hata kamba mbili. Mimi Dar nilikwenda kukata taitai.

Sasa naanza miezi mitano kabla, na nikiweza zaidi. Makongamano makubwa ya fani yetu hayavamii kama mvua. Lile la WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi iliyoanzishwa 1993 na yenye makao yake hapa hapa Zanzibar, huja kila baada ya miaka miwili. Lile la kimataifa la mwani, lililoanza Edinburgh mwaka 1952, kwa kawaida huja kila baada ya miaka mitatu. Tarehe ya mwisho ya kupeleka ikisiri, yaani muhtasari wa wasilisho lako, hutangulia kwa miezi mingi, na maombi ya kusaidiwa ada na nauli mara nyingi hufungwa pamoja nayo. Sisi tunalisikia tangazo likishaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Hapo mlango wa kusaidiwa umeshafungwa, uliobaki wazi ni wa kulipa.

Ukiwa mtumishi wa serikali, ongeza kibali cha safari na masurufu. Barua yangu moja ilikaa mezani kwa mtu wiki tatu kwa sababu haikuwa na ratiba. Sasa naambatanisha kila kitu: mwaliko, ratiba, ikisiri, na aya moja ya kueleza idara itafaidika vipi. Nimegundua aya hiyo ndiyo inayosomwa. Tazama na kalenda pia. Kongamano likiwa Mji Mkongwe mwezi wa Februari, angalia lisigongane na tamasha la muziki la Sauti za Busara, maana vyumba vya bei ya mtumishi utavisikia tu. Na kuelekea Idi, tiketi ya boti ya Pemba usiiache mpaka siku yenyewe.

Lakini hayo yote ni ya ukarani. Kazi yenyewe ni watu.

Ratiba ikitoka siisomi kwa mada, naisoma kwa majina. Nachagua watu watatu ambao nikirudi bila ya kusema nao nitajilaumu. Nawatafuta wamefanya nini, wapi, na nani. Halafu, kama wiki mbili kabla, nawaandikia. Usingoje kumkamata mtu baada ya wasilisho lake. Pale anazungukwa kama muuza pweza wa Forodhani, na wewe mwenye aibu ya Kipemba utabaki nyuma ukitabasamu.

Ujumbe wangu wa safari moja ya baadaye ulikuwa hivi: "Habari za kazi Daktari. Mimi ni afisa ugani wa mwani, Pemba. Nimeona utawasilisha siku ya pili kuhusu kilimo cha maji ya kina. Wakulima wangu wanauliza, asiyejua kuogelea anafanyaje? Naomba dakika kumi zako kwenye chai ya saa nne siku hiyo. Nitavaa mtandio wa kijani." Basi. Swali moja, pahala, saa, na alama ya kunijua. Usiandike "ningependa tushirikiane". Kila mtu angependa tushirikiane. Mwaka ule niliandikia watatu, wakajibu wawili, akaja mmoja. Mmoja alitosha.

Swali lile sikulitoa kichwani mwangu, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi. Kabla ya safari nilikwenda pwani ya Micheweni, nikawaambia kina mama ninakokwenda. Bibi mmoja, mikono imo kambani, akaniambia bila ya kuinua kichwa: "Mwanangu, kawaulize hao wasomi wako, kotonii yetu inauliwa na nini? Na mbona wao hawaji kuiona?"

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu za kutoka Ufilipino. Aina ya mwani iitwayo kotonii ndiyo yenye bei, na ile ya spinosamu ndiyo yenye kustahamili. Maji ya kina kifupi yakipata joto, kotonii hupauka, ikawa nyeupe, ikakatika vipande. Njia inayotajwa ni kuihamishia maji ya kina, kwa maboya au kwa nyavu zilizoshonwa kama mrija. Sawa, lakini wanaolima wengi ni wanawake, wengi wao hawajui kuogelea, na chombo hawana. Swali kama hilo hulipati ukiwa umekaa ukumbini unasinzia baada ya pilau. Na ukilibeba, hujioni mdogo mbele ya daktari yeyote, kwa sababu umetumwa.

Zile dakika kumi zikawa arubaini. Tulikaa kwenye ngazi, akanichorea maboya yake juu ya karatasi ya kufutia mikono. Nilimuuliza jambo moja ambalo sasa humuuliza kila mtu: kitu gani kilikushinda? Slaidi huonesha kilichofaulu. Akanieleza kamba zilizochukuliwa na mkondo, na kikundi kilichovunjika kwa kugombania chombo. Hayo katika wasilisho lake hayakuwemo hata neno.

Si kila kitu hupangika, kwa hiyo acha nafasi. Mimi kila siku naruka kikao kimoja kwa makusudi, na sioni haya tena. Rafiki niliyemfaidi kuliko wote nilikutana naye penye mfereji wa kutilia udhu, mama mmoja wa Kwale, Kenya, ambako nako wanalima mwani. Aliniuliza kibla kiko wapi. Mpaka leo tunatumiana picha za mwani unaoumwa.

Mambo madogo, haraka haraka. Wasilisho liweke kwenye flashi, kwenye barua pepe na kwenye simu, na nakala moja iwe ya PDF. Mimi herufi zangu zilishawahi kugeuka viboksi mbele ya watu sitini. Ukipewa dakika kumi andaa za dakika nane. Chukua mtandio mzito au koti, kumbi hizi zina baridi ya kuhifadhia samaki.

Tiketi ya kurudi usiikate ya siku ya kufunga. Najua hesabu ilivyo: usiku mmoja zaidi wa gesti unakula posho, na wapo wanaokwenda kwa ajili ya posho tu, na mimi siwezi kuwalaumu, mishahara tunaijua. Ila ukitoka Pemba umeshavuka bahari na kulala njiani. Kuukimbia usiku ambao watu wamemaliza kuwasilisha, wamevua beji, wanazungumza kwa raha, ni kuacha mali kwenye gati. Na asubuhi yake, kabla boti haijapoteza mtandao, waandikie wale uliokutana nao. Ukifika nyumbani kuna msiba, kuna harusi, kuna mkuu wa kazi, na wiki imekwisha.

Bamvua iliyofuata nilirudi Micheweni na ile karatasi ya mikono imekunjwa ndani ya daftari. Nikamwonesha yule bibi mchoro wa maboya, nikamweleza habari za vikundi vinavyofunza wanawake kuogelea, na za chombo kimoja kutumiwa na watu kumi. Akasikiliza huku anafunga. Kisha akaniuliza: "Na hicho chombo kikitoboka, kinatiwa kalafati na nani?"

Sikuwa na jibu. Swali lake nimeliandika ukurasa mpya, na juu yake nimeweka tarehe ya mwisho ya ikisiri ya kongamano lijalo.