Kitelezi kinakwama: je, chati inaweza kuuliza hifadhidata?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ninatunza hifadhidata ya maktaba kwenye PostgreSQL (programu ya hifadhidata). Jedwali la maazimo lina safumlalo kama milioni 12 za miaka 10. Wakutubi hawajui SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, kwa hiyo nimewatengenezea ukurasa wenye histogramu tatu (chati za nguzo zinazoonyesha idadi), kila moja na kitelezi cha kuchagua sehemu yake: tarehe ya kuazima, saa ya siku, na siku ambazo kitabu kilikaa nje. Ukiburuta kitelezi cha moja, nyingine mbili zinabadilika. Kwenye data ya majaribio mambo yalikwenda vizuri, lakini kwenye data halisi kila mtu akisogeza kitelezi anasubiri sekunde 4 au 5. Faharasa (index, za kuharakisha utafutaji) nimeweka kila mahali. Mwenzangu anasema chati ni za kuonyesha majibu tu, anayetaka kuuliza ajifunze SQL. Nifanyeje?

Jibu: Nianze na mwenzako, kwa sababu tukimwelewa yeye anakosea wapi, na kitelezi chako tutakielewa. Mkutubi akiburuta kitelezi kutoka Januari hadi mwisho wa Machi, tayari ameandika hivi bila kugusa kibodi:

SELECT saa, COUNT(*) FROM maazimo
WHERE tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2024-04-01'
GROUP BY saa;

Ncha mbili za kitelezi ndizo WHERE, sharti la kuchuja. Nguzo za histogramu ndizo GROUP BY, mgawanyo wa makundi. Urefu wa kila nguzo ni COUNT, yaani idadi. Hilo ni swali kamili la hifadhidata, limeulizwa kwa mkono tu. Wala si wazo la jana: mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ben Shneiderman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland walikuwa wameshaunganisha vitelezi na ramani ya nyumba zinazouzwa eneo la Washington, ukisogeza bei, nukta zinapungua papo hapo. Tableau, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilitokana na utafiti wa Stanford wa kugeuza kuburuta vitu kwenye skrini kuwa maswali ya hifadhidata.

Kuna pia maswali ambayo mjuzi wa SQL hawezi kuyauliza kwa sababu hajui kama yapo. Niliwahi kufanya kazi yenye safuwima ya muda kama hiyo yako. Wastani ulikuwa umepanda ghafla, tukaandika maswali kemkem, wapi. Nilipochora histogramu, mbali kabisa upande wa kulia kulikuwa na nguzo moja imesimama peke yake: 999. Nikaizungushia kipanya, na chati ya tarehe ikabaki na mwezi mmoja tu, ule tuliohamia mfumo mpya. Mtu alikuwa amejaza 999 kumaanisha "haijulikani". Nisingeweza kuandika WHERE siku = 999 wakati sijui kuna 999.

Sasa kukwama. Kipanya kikiburutwa hutuma taarifa za mwendo hata mara 60 kwa sekunde. Kila taarifa inazaa maswali mawili, moja kwa kila chati isiyoguswa. (Hakikisha chati inayoburutwa haijichuji yenyewe, ikijichuja, nguzo za nje ya kitelezi zinatoweka na mkutubi hajui apanue kuelekea wapi.) Hapo umeshafika maswali 120 kwa sekunde, na kila moja linataka kupitia mamilioni ya safumlalo. Seva haijashindwa, imepangiwa foleni isiyokwisha.

Faharasa hazitakuokoa. Zinasaidia unapotafuta safumlalo chache kati ya nyingi. Kitelezi kikishika theluthi ya jedwali, PostgreSQL yenyewe huona heri kusoma jedwali zima kuliko kurukaruka. Endesha EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha jinsi swali lilivyotekelezwa, utaona imezipita faharasa zako bila hata kuzisalimia.

Huduma ya kwanza ni kutuma swali la mwisho tu na kufuta yaliyotangulia ambayo hayajajibiwa. Fanya hivyo leo. Na kama ukurasa wako unavuta safumlalo zote hadi kwenye kivinjari ili zihesabiwe huko, acha mara moja. Nahisi ndiyo sababu majaribio yalikupendeza: safumlalo zilikuwa chache.

Tiba yenyewe inaanzia kwenye skrini. Miaka 10 ni siku zipatazo 3,650. Kitelezi cha upana wa pikseli 500 hakiwezi kuzitenganisha. Pikseli moja inabeba karibu wiki nzima. Basi hesabu kwa wiki: ni kama 520. Chati ya saa ina nguzo 24, ya siku za kukaa nje tuseme 60. Jenga kila usiku jedwali la muhtasari lenye wiki, saa, kundi la siku na idadi. Haliwezi kuzidi safumlalo 748,800, hata kila mchanganyiko ukitokea.

Kisha mkutubi anapopeleka kipanya juu ya chati ya tarehe, kabla hajabofya, leta majedwali mawili madogo: wiki kwa saa, na wiki kwa siku. Ni namba 12,480 na 31,200, zinazokaa ndani ya kivinjari bila shida. Zihifadhi kwa jumla limbikizi, yaani kila wiki ibebe hesabu yake pamoja na ya wiki zote zilizoitangulia. Mtu akichagua wiki ya 100 hadi ya 150, jibu la chati ya saa ni hesabu za wiki ya 150 kutoa za wiki ya 99: kutoa mara 24, basi. Hifadhidata haiguswi tena mpaka ahamie kitelezi kingine. Mwaka 2019 watafiti walichapisha mfumo unaoitwa Falcon unaofuata njia hiihii, na ndipo nilipoichukua.

Tahadhari moja: hii inafaa kwa idadi na jumla, na kwa wastani ukihifadhi vyote viwili. Wastani wa kati (thamani ya katikati data ikipangwa) na idadi ya wasomaji tofauti havitolewi hivyo: wastani wa kati wa wiki moja hauwezi kutolewa kwenye wa nyingine, na msomaji mmoja anaweza kuwemo katika wiki nyingi.

Usione sekunde 4 ni jambo dogo. Liu na Heer mwaka 2014 waliongeza ucheleweshaji wa nusu sekunde tu, wakakuta watu wanachunguza sehemu ndogo zaidi ya data. Mkutubi wako halalamiki, anaacha kuuliza.

Mwenzako naye ana haki yake kidogo. Chati huhesabu kilichopo. "Vitabu ambavyo havijawahi kuazimwa" havimo kwenye jedwali la maazimo, kwa hiyo hakuna nguzo ya kubofya. "Walioazima hiki wasiwahi kuazima kile" nalo halina kitelezi. Kwa hayo weka kitufe kinachoonyesha SQL ya hali iliyopo kwenye skrini, mwenye kuijua aichukue aendelee nayo. Na thamani za vitelezi zipitishe kama vigezo, usiziunganishe ndani ya maandishi ya swali, la sivyo mtu mwenye nia mbaya ataandika WHERE yake mwenyewe.

Anza na kufuta maswali ya zamani, kisha muhtasari wa usiku. Ukiona hivyo viwili vimetosha, hayo majedwali ya jumla limbikizi yaache kwanza.