Mswada si sheria, ni pendekezo tu la sheria, nshasema mara ngapi?

Maswali ya wiki hii mengi, na nusu yake ni lile lile.

*Nipo kidato cha nne, Wete. Wapi ntapata maelezo ya hatua za kutunga sheria? Nimeona video YouTube lakini inataja Seneti.*

Mwanangu hiyo video ni ya Marekani, iache. Chukwani, linapokaa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, hakuna Seneti, Baraza ni moja tu. Anza na Katiba ya Zanzibar ya 1984, halafu Kanuni za Baraza la Wawakilishi, humo ndo mna safari yote: mswada unasomwa mara ya kwanza bila mjadala, unakwenda kamati, unarudi kusomwa mara ya pili na hapo ndo wanabishana, kisha Kamati ya Baraza zima wanaupitia kifungu kwa kifungu, unasomwa mara ya tatu, unakwenda kwa Rais atie saini. Ukishajua hivo chagua mswada mmoja uufuate kwenye hansadi (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Baraza), mathalan ule wa Mahkama ya Kadhi uliokuwa sheria 2017. Na mswada usianze kuusoma mbele, anza nyuma kwenye Madhumuni na Sababu, panapoelezwa kwa nini mswada umeletwa, watu wazima wengi hawalijui hilo na wanajiita wachambuzi.

*Nimetumiwa PDF WhatsApp, hii sheria imeshapita?*

Soma neno la juu kabisa. Limeandikwa Mswada. Jamani!

*Bunge likipitisha sheria Dodoma, huku Unguja na Pemba inatufunga?*

Hili suali zuri, na ndo linalovunja urafiki vibarazani. Soma kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar (yetu inasema kifungu, ya Muungano inasema ibara, usichanganye ukachekwa). Sheria ya Bunge haitumiki huku mpaka iwe ya mambo ya Muungano, na waziri anaehusika aiwasilishe mbele ya Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo kabla hujapiga meza fungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Muungano, orodha ya mambo 22, utizame jambo lako limo au halimo. Ulinzi limo. Karafuu hazimo, ndo maana sheria yake imetungwa hapa hapa.

*Nina boti Mkoani, sheria nimeisoma yote lakini ada ya leseni siioni.*

Hutoiona baba, mambo ya ada mara nyingi yamo kwenye kanuni anazotunga waziri kwa nguvu alizopewa na sheria hiyo hiyo. Si zile Kanuni za Baraza nilizomtajia mtoto wa Wete, jina moja vitu viwili. Ziulizie kwenye Gazeti Rasmi, lile la Serikali linalochapisha sheria na kanuni. Na uliza pia kama sheria yenyewe imerekebishwa, mie niliwahi kununua nakala duka la fotokopi nikakesha nayo, kumbe imefutwa zamani.

*Kuna vijitabu vya Kiswahili chepesi?*

Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Nenda kaulize.

*Mbona sisi wananchi hatuulizwi?*

Mnaulizwa dada, kamati inapochukua maoni ya wadau. Peleka yako hata kwa ukurasa mmoja, taja kifungu unachokikataa na useme unataka kiandikweje, maana "hatuutaki" peke yake haimpi mjumbe kitu cha kusimama nacho. Ukingojea mpaka Rais ameshatia saini, hapo tena unasubiri mswada wa marekebisho.