Katika wimbi la redio, ni nini hasa kinachotikisika?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mkulima wa wilaya ya Bahi, mkoani Dodoma. Mwanangu wa kidato cha tatu amenionyesha mchoro wa wimbi la sumakuumeme, kama lile la redio, yaani mstari unaopanda na kushuka kama nyoka, akasema kwamba wimbi hilo hupita hata mahali pasipo na hewa. Ikiwa pale hakuna kitu, kinachopanda na kushuka ni nini?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako ni zito, na mchoro huo umewapotosha wengi. Hakuna kitu kinachojipinda angani. Kimo cha mstari ni kipimo tu cha nguvu ya uga wa umeme katika kila nukta ya njia, yaani jinsi chembe yenye chaji ingesukumwa kama ingewekwa hapo. Mstari ukiwa juu, msukumo ni mkubwa. Unapovuka mhimili wa katikati, msukumo haupo. Ukishuka chini ya mhimili huo, msukumo umegeukia upande wa pili.

Upepo ukipita katika shamba la uwele, masuke huinama na kuinuka, na mkunjo hukimbia hadi mwisho wa shamba ilhali kila shina limebaki mahali pake. Mfano huo unafaa, lakini unaishia hapo, kwa sababu wimbi la sumakuumeme halihitaji mashina. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 1865, mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu kwamba uga wa umeme unaobadilika huzaa uga wa sumaku, nao wa sumaku unapobadilika huzaa wa umeme, na kwa namna hiyo wimbi husonga lenyewe katika ombwe, yaani mahali patupu, kwa kasi ya kilometa zipatazo 300,000 kwa sekunde. Nyuga hizo hukaa kwa pembe mraba, kila mmoja na mwenzake na zote mbili na njia ya wimbi, na hufikia kilele kwa wakati mmoja, si kwa kupokezana kama wengi wanavyodhani.

Ukisikiliza kituo cha megahezi 100, uga hutikisika mara milioni 100 kila sekunde. Gawanya kasi kwa idadi hiyo, utapata mita 3, ambazo ndizo urefu wa wimbi moja. Antena ya fimbo yenye sentimita 75 ni robo yake, na ndiyo sababu hulipokea vizuri. Ndani ya chuma hicho ndimo mnamotikisika kitu kweli: elektroni, yaani chembe ndogo zenye chaji, husukumwa huku na huko, na mkondo huo hafifu ndio redio inaoukuza.

Mwambie kijana aandike "nguvu ya uga" kwenye mhimili wima wa mchoro wake.