Shangazi Anajibu: "Mama, ni utani tu"

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa huku Leipzig, Ujerumani. Mwanangu wa kiume ana miaka 15. Juzi nimemsikia na wenzake wakiimba ule wimbo wa disko, L'amour toujours, wameubandika maneno "Ausländer raus", wageni watoke. Nilipomkemea akasema, "Mama, ni utani tu, shuleni wote wanaimba." Simuni mwake kuna video za kijana mtanashati, mpole, anayehimiza kulinda utamaduni wa Ulaya. Hana kipara wala mabuti kama wale Wanazi mamboleo, wabaguzi wanaochukia wageni. Je, wasiwasi wangu ni wa bure?
Mama Kijana, Leipzig

JIBU: Marahaba mwanangu. Si wa bure hata kidogo.

Nilisoma huko mwanzoni mwa miaka ya 1990. Enzi zile ulimtambua Mnazi mamboleo toka ng'ambo ya barabara: kipara, jaketi la kirubani, mabuti. Ukavuka upande wa pili. Novemba 1990 kundi la vijana wa aina hiyo lilimpiga Amadeu Antonio, Mwangola, mjini Eberswalde, akafariki Desemba. Sisi Waafrika tukaacha kutembea usiku.

Wakubwa wao wakang'amua kuwa sura ile inafukuza watu. Mwaka 2004 chama cha NPD, cha mrengo mkali wa kulia, kiligawa CD za muziki bure kwa vijana wa Sachsen, jimbo lenu hilo hilo, kikavuna asilimia 9.2 ya kura. Kundi la vijana wa mrengo huo huo, Génération Identitaire la Ufaransa, likaja na rangi ya njano na mabango ya kuvutia, hadi serikali ilipolivunja mwaka 2021. Damu, yaani rangi na asili ya mtu, haitajwi tena, siku hizi ni "utamaduni" na hofu kwamba Wazungu "wanabadilishwa", yaani wageni wanachukua nafasi yao. Nadharia hiyo ya mwandishi Mfaransa Renaud Camus inasikika kama mazungumzo ya wasomi. Muuaji wa misikitini Christchurch, New Zealand, aliifanya kichwa cha waraka wake mwaka 2019, akaua Waislamu 51.

Na wimbo huo? Mei 2024 ilisambaa video ya vijana wakiuimba hivyo hivyo kisiwani Sylt, huko huko Ujerumani, kwenye baa ya bei mbaya, wamevaa vizuri. Utani una kazi yake: ukikasirika, huna ucheshi, ukicheka, umeshayazoea maneno.

Simu usimnyang'anye. Mwambie akueleze, polepole, kinachochekesha ni nini. Akimaliza muulize: anayetakiwa atoke ni nani? Mimi? Na wewe mwenye nywele zangu? Usimuulize kwa kumsuta. Nimeona watoto wa mchanganyiko wanaopaza sauti kuliko wote ili wasiwe wa kwanza kunyooshewa kidole, na nahisi wako ni mmoja wao. Ukikwama, shirika la Kulturbüro Sachsen lina washauri wa mambo haya, waone.

Ila barua nzima hujamtaja mumeo. Yeye ndiye Mjerumani nyumbani humo, na mtoto anasubiri kuona baba atasema nini kuhusu wimbo unaomfukuza mkewe. Aseme yeye kwanza. Na shuleni aende yeye.