Maswali ya Wasomaji: Darubini Iliyomchana Mwenyewe

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mkulima wa Makunduchi, nami nimerithi kwa marehemu ami yangu bunduki ya zamani ya Mauser ambayo leseni yake imekwishahamishwa kwa jina langu. Ilikuwa ya kijeshi, kisha ikageuzwa kuwa ya kuwindia: mbao za mbele zimepunguzwa, na tako limekatwa kiasi cha vidole viwili kwa kuwa ami alikuwa mfupi. Nimeifunga darubini inayokuza kuanzia mara 3 hadi mara 9, yenye kioo cha mbele cha milimita 40. Niliipima nikiwa nimesimama uani, ikiwa kwenye mara 3, nikaona vizuri kabisa. Siku ya kuijaribu nililala kifudifudi juu ya mkeka, nikaipandisha hadi mara 9, nikaona weusi pembeni, nikasogeza uso mbele na kufyatua. Ukingo wa darubini ukanichana juu ya nyusi. Je, darubini ni mbovu, au ninunue ile ndogo inayokaa mbele juu ya mtutu?
– M. H., Makunduchi

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, na pole sana. Alama hiyo ninayo na mimi, tena juu ya jicho hilo hilo, kwa hiyo sikucheki. Darubini yako ni nzima. Lililokosewa ni namna ya kuipima.

Kila darubini ya bunduki ina umbali wake ambao jicho linapaswa kukaa nyuma ya kioo ili picha ionekane duara zima bila kiza, na kwa darubini za kawaida za kuwindia umbali huo ni baina ya sentimita 8 na 10 hivi. Weusi wa pembeni hutokea jicho likiwa mbali mno, lakini hutokea pia likiwa karibu mno, na hapo ndipo ulipoponzwa: ulidhani uko mbali, ukasogea, kumbe ulikuwa umeshakaribia kupita kiasi. Mtu akisimama hushika kichwa wima, na akilala kifudifudi shingo hunyooka mbele na jicho hufuata.

Mara 3 nayo ilikudanganya. Ukigawa upana wa kioo cha mbele kwa idadi ya ukuzaji unapata upana wa mwanga unaofika jichoni: 40 kwa 3 ni milimita 13 na zaidi, ambapo jicho linaweza kupotea kidogo na bado likaona, lakini 40 kwa 9 ni milimita 4 na nusu tu, na hapo halisamehewi. Isitoshe, katika darubini nyingi zinazobadilishwa ukuzaji, umbali wa jicho hupungua kadiri unavyopandisha. Kwa sababu hiyo darubini hupimwa ikiwa kwenye ukuzaji wa juu kabisa.

Anza na tako, usianze na darubini. Tako fupi limeuleta uso wako karibu na chuma, na ukiifunga darubini leo kisha ukarefusha tako kesho, kazi yote itarudiwa. Mpira wa kitakoni pamoja na vipande vya kujazia utakurejeshea vile vidole viwili, na mpira huo utapunguza na teke, yaani msukumo wa bunduki kurudi nyuma inapofyatuka. Tatizo jingine, ingawa hukulitaja, nadhani unalo: loki ya usalama ya Mauser za kijeshi husimama juu na kugonga darubini, hivyo wengi huiinua darubini kwa pete ndefu (pete ndizo zinazoishikilia juu ya bunduki), na shavu likabaki linaning'inia hewani kwa sababu tako lilichongwa kwa vilengeo vya chuma, vya kulengea bila darubini, ambavyo viko chini. Fundi mwenye leseni ya kazi hiyo anaweza kukuwekea loki ya pembeni na kuukunja mkono wa boliti, ule unaouvuta kuingiza risasi, ikiwa bado umenyooka. Shavu nalo lipate pa kuegemea. Nimeona ngozi iliyofungwa kwa kamba juu ya vipande vya kandambili kuukuu, na ilifanya kazi vizuri kuliko kitu cha dukani.

Baada ya hapo toa risasi zote, chungulia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho yako, kisha ilegeze darubini ndani ya pete zake ili iteleze kwa kusukumwa. Lala kama utakavyolala shambani, na miwani yako machoni ikiwa wewe ni mvaaji wa miwani. Fumba macho, pachika tako begani, laza shavu palipo raha, ndipo ufumbue. Ukiona kiza, mtu wa pili aisogeze darubini mbele au nyuma nawe usitikise kichwa. Rudia hata mara kumi. Picha ikikamilika, isukume darubini mbele kidogo tena, nusu sentimita yatosha, kwa ajili ya teke. Ikiwa kidude cha katikati ya darubini, chenye vifundo vya kurekebishia shabaha, kinagonga pete kabla hujafika, tafuta pete zenye kichwa kilichochomoza mbele. Usijaribu kufidia kwa kuinyoosha shingo. Ning'iniza timazi ukutani, linganisha nayo uzi wa wima wa kulengea, kaza skrubu kwa zamu, kila moja kidogo kidogo. Ukienda kuilenga, anza mita 25, na nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo. Kwenye maweni ya Kusini risasi hurudi.

Kuhusu ile ndogo ya mbele: Wajerumani waliifunga darubini ya namna hiyo iitwayo ZF41, inayokuza mara moja na nusu tu, kwenye bunduki yao ya Mauser iitwayo Karabiner 98k katika Vita vya Pili vya Dunia. Faida yake ni kuwa haigusi loki wala boliti na haiwezi kukuchana. Lakini unachokiona ndani yake ni kidogo, na jua la jioni likiwa mgongoni mwako hung'aa kwenye kioo cha nyuma, wakati ambao nguruwe ndio kwanza wanauingia muhogo. Mimi nisingeinunua.

SWALI: Navaa miwani. Kwa nini darubini ya mikono miwili hunionyesha tundu dogo tu?
– Msomaji, Wete

JIBU: Miwani inazuia jicho kufika panapotakiwa. Kunja au zungusha chini mipira ya machoni. Na ukinunua nyingine, chagua yenye umbali wa jicho wa milimita 15 au zaidi.