Robo tangi ya Oktoba si robo tangi ya Januari

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi juu ya mafuta ya kupashia nyumba joto, na karibu zote zimetoka Maine, Marekani. Haishangazi. Takriban nusu ya nyumba za jimbo hilo zinategemea mafuta haya, na familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zilizohamia Portland na Lewiston zimejikuta na tangi la chuma chini ya nyumba, kitu ambacho hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Mwanzoni mwa Oktoba geji ilisoma robo, tukakaa wiki tatu bila shida. Januari ikasoma robo tena, siku ya nane nyumba ikawa barafu. Je, tunaibiwa mafuta? — Baba wa watoto wanne, Lewiston

Hamuibiwi, baba. Mmehesabu kwa geji badala ya kuhesabu kwa baridi, na geji yenyewe ina ujanja wake.

Tangi la kawaida ni la galoni 275, yaani kama lita 1,040. Lile lililosimama wima lina kimo cha inchi 44, na juu na chini limeviringwa. Halijazwi hadi ukingoni, mafuta yanaachiwa nafasi ya kutanuka, kwa hiyo likijaa huwa na galoni 250 hivi. Mviringo wa chini ndio unaowaponza watu. Geji hupima kimo, haipimi ujazo. Ikisoma nusu, mna galoni 137 au karibu na hapo. Ikisoma robo mtadhani mna 69, kumbe ni 58. Ikisoma nusu ya robo mtadhani 34, kumbe zimebaki 22 tu, na hizo za mwisho zimechanganyika na tope lililotulia chini kwa miaka.

Sasa baridi. Wauza mafuta wanahesabu kwa kitu tutakachokiita nyuzi-siku: unachukua 65, unatoa wastani wa joto la siku hiyo kwa vipimo vya Farenhaiti. Siku yenye wastani wa nyuzi 50 ina nyuzi-siku 15. Yenye wastani wa 20 ina 45. Jaza tangi, kisha jumlisha nyuzi-siku za kila siku mpaka utakapolijaza tena, halafu gawa jumla hiyo kwa galoni zilizoingia mara ya pili. Tuseme nyuzi-siku ni 780 na galoni zilizoingia ni 130: jibu ni 6. Nyumba hiyo inachoma galoni moja kwa kila nyuzi-siku 6. Siku ile ya Oktoba itakula galoni 2.5, siku ya Januari 7.5. Galoni zenu 58 zinatosha siku 23 kule Oktoba, na huku Januari hazifiki nane.

Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino ubavuni mwa tangi. Ni namba ya nyumba, mwaka hadi mwaka haibadiliki sana. Ikishuka kutoka 6 hadi 5, nyumba imeanza kula mafuta zaidi: ama boila, ile mashine inayochoma mafuta, imechafuka, ama kuna dirisha halifungi. Muite fundi kwanza kabla ya kumshuku dereva wa lori.

Kama mnaagiza wenyewe kwa simu, agizeni geji ikisoma nusu. Wauzaji wengi hawaleti chini ya galoni 100 bila kuongeza bei, na kwenye nusu ndipo nafasi ya galoni 100 inapopatikana. Robo ni kuchelewa, maana dhoruba moja ya theluji inaweza kuzuia malori siku tatu. Njia ya kufikia bomba la kujazia iwe imeondolewa theluji, la sivyo dereva atapita.

Geji nayo hukwama. Fungua kikombe chake cha plastiki, bonyeza kidogo kile kidonge cha rangi kwa kidole, kisha achia. Kikirudi juu, geji ni nzima. Kisiporudi, ama imekwama ama tangi ni tupu, na vyote viwili vinataka simu siku hiyo hiyo.

Mafuta yaliisha usiku. Mume wangu alibonyeza kitufe chekundu cha boila mara sita, boila ikakataa. Jirani anasema tutie dizeli. Ni salama? — Mama, Portland

Dizeli ni salama, mama. Kitufe ndicho cha hatari. Kila kinapobonyezwa, pampu hujaribu kunyunyizia mafuta kwenye chumba cha moto. Yasipowaka hukusanyika humo, na siku yatakapowaka yatawaka yote kwa mkupuo. Masizi yatatapakaa mpaka kwenye mapazia ya ghorofani. Mara moja, basi. Kikishabonyezwa mara sita, msiwashe tena chochote. Mueleze fundi idadi hiyo bila kuona haya, kwa sababu ndiyo itakayomwambia aanzie wapi.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajafika huko: mafuta ya kupashia joto na dizeli ni ndugu wa tumbo moja. Ya kupashia joto yametiwa rangi nyekundu kwa sababu hayalipiwi kodi ya barabara, basi. Nunua galoni 10 kituoni kwa dumu la njano. Dumu jekundu ni la petroli, na petroli isikaribie tangi hilo kabisa. Zima swichi ya boila, ile yenye bamba jekundu, ambayo mara nyingi iko juu ya ngazi za kushukia chini. Mimina dizeli kwenye bomba la kujazia lililo nje, kisha ngoja dakika 15 ili tope lililotibuliwa litulie. Washa swichi, bonyeza kitufe mara moja.

Isipowaka, kuna hewa kwenye bomba linaloleta mafuta kwenye pampu. Ubavuni mwa pampu kuna chuchu ndogo ya kutolea hewa, mara nyingi ya spana ya inchi 3/8. Ivike mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ncha ya mpira iwe ndani ya chupa. Legeza nusu mzunguko, mwenzako abonyeze kitufe. Mtaona povu, kisha povu na mafuta, kisha mafuta matupu yasiyo na kiputo hata kimoja. Hapo kaza chuchu wakati pampu ingali inazunguka, na moto utashika. Hapa mafuta yanatoka chupani, hayaingii kwenye chumba cha moto, ndiyo maana kitufe kinaweza kurudiwa mara moja zaidi. Zikipita mara mbili bila mafuta kuja, achieni hapo: chujio limeziba tope au nozeli, tundu linalonyunyizia mafuta, imekufa.

Kwenye nyumba inayokula galoni 7.5 kwa siku, galoni hizo 10 ni siku moja na theluthi. Agizeni mafuta kabla hata dizeli haijamiminwa.

Muuzaji anataka tulipie msimu mzima mwezi wa saba. Ni nafuu kweli? — Msomaji, Biddeford

Mara nyingi ndiyo, si mara zote. Kiangazi cha 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, galoni moja Maine ilipita dola 5. Aliyefunga bei wakati huo aliiona ikishuka sana kufikia kiangazi kilichofuata, naye ameshalipa. Ukiweza, chagua bei yenye dari: ikipanda hulipi zaidi ya kiasi mlichokubaliana, ikishuka nawe unashuka nayo. Hulipiwa ada kidogo, na kwa maoni yetu inastahili. Malipo ya kiasi sawa kila mwezi hayapunguzi senti hata moja. Yanagawanya mzigo tu.

Usitoe fedha bila mkataba ulioandika idadi ya galoni, bei, tarehe ya mwisho, na fedha zitakazobaki zitakwenda wapi. Uliza pia mafuta yako yana dhamana gani muuzaji akifilisika. Maine, sheria inamtaka awe nayo.

Wenye kipato kidogo waombe HEAP, msaada wa kupasha nyumba joto unaosimamiwa na MaineHousing, mamlaka ya nyumba ya jimbo, na kuombwa kwenye ofisi za huduma za jamii za kila eneo. Ombeni kiangazi, foleni ikiwa fupi. Upo pia msaada wa dharura, na kwa tangi la galoni 275 geji ikifika robo unaweza kuuomba. Usingoje mpaka moto uzimike.

Tangi letu liko nje, nyumba ni ya trela. Usiku wa baridi kali boila inazimika ingawa mafuta yapo. — Msomaji, Auburn

Mafuta yameganda. Yale mekundu huanza kufanya nta kadiri joto linavyoshuka chini ya nyuzi 32 za Farenhaiti, na yakikaribia 15 hayapiti kwenye chujio. Agiza mafuta ya taa, yale yale ya koroboi za nyumbani, au mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Ni ghali zaidi na yana joto pungufu kidogo, lakini yanastahimili. Mchanganyiko uingie kabla ya baridi, maana ukimwagwa juu ya mafuta yaliyokwisha kuganda hauyayeyushi upesi.

Tumehamia gesi na tangi la zamani limeondolewa. Lile bomba la nje la kujazia tuliache? — Msomaji, Westbrook

Ling'olewe leo, pamoja na bomba la kupumulia lililo kando yake, na tundu la ukutani lizibwe kwa saruji. Dereva akikosea anwani ataunganisha mpira wake hapo na kusukuma galoni 100 kwenye chumba chenu cha chini.